Pikipiki ya Mzee Abdinoor Inawaka

Pikipiki iliyomuua Mzee Abdinoor iliwaka kwa kiki ya kwanza.

Sajini Ubah Kura alirudi nyuma hatua moja, mguu wake bado uko hewani. Alikuwa amejiandaa kupiga kiki kumi, ishirini. Askari wawili waliokuwa wakinywa chai mlangoni mwa kituo waligeuka pamoja.

"Hiyo si ndiyo ile iliyokataa?" mmoja akauliza.

"Ndiyo hiyo."

"Sasa mbona inawaka?"

Ubah alitazama saa ya mkononi, akaandika kwenye daftari: *Jumatatu, saa tatu na dakika nne asubuhi, imewaka.*

Ilikuwa pikipiki nyeusi ya mwaka wa sabini na moja, tangi lake limepauka kwa jua, kiti kimeshonwa upya kwa ngozi ya mbuzi. Mzee Abdinoor aliinunua kwa daktari wa mifugo aliyekuwa akirudi kwao, akaiendesha miaka zaidi ya arobaini. Watu wa Galbet, mtaa wa mji wa Garissa, waliiita Awr, yaani ngamia wa mizigo, kwa sababu kila asubuhi ilileta mjini maziwa ya ngamia kutoka kambini kwake, kilomita ishirini na mbili ndani ya kichaka.

Alhamisi haikufika. Mchungaji aliyepita njia ile saa nane mchana alimkuta mzee amelala kando ya pikipiki, uso kuelekea mjini, spana mchangani, plagi ameifumbata mkononi. Soli ya ndala ya mguu wa kulia ilikuwa imekatika katikati kwa kupiga kiki. Daktari aliandika moyo na joto. Miaka sabini na miwili.

Na sasa Awr alikuwa uani kwa polisi, ananguruma bila kuguswa, kama hajui chochote.

"Sikiliza," alisema mtu aliyeketi juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa. "Sikiliza anavyosimama. Hapandi, hashuki. Hiyo ni kazi yangu, afande."

Alikuwa Abdirahim, fundi wa pikipiki wa sokoni, pingu mikononi, macho mekundu kwa kulala sakafuni usiku tatu. Jumamosi, siku tano kabla ya kifo, alifungua kabureta ya Awr, akaisafisha. Jumapili, kwenye hoteli ya chai, watu wasiopungua kumi walimsikia akimpigia mzee kelele: "Hii pikipiki itakuua, adeer, ami yangu! Niuzie mimi, upumzike!" Alhamisi ikamuua. Ijumaa walikuja kumchukua. Kulikuwa na mtu wa Nairobi anayenunua pikipiki za zamani kwa bei nzuri, na mji mzima ulijua Abdirahim ana namba yake. Mkuu wa kituo hakuhitaji zaidi. Saa nane mchana wa leo fundi angepelekwa kortini, ashtakiwe kwamba aliiharibu makusudi.

Shida ilikuwa moja. Garissa nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyeijua mashine hiyo. Ndiyo maana Ubah alimtoa seli akamweka kwenye kreti, hatua tatu kutoka kwenye injini.

"Wewe utasema, mimi nitashika," alikuwa amemwambia. "Ukigusa hata nati moja, ushahidi umekufa, na wewe umeisha."

"Haye. Lakini shika spana kama spana, walaal, dada yangu, si kama kijiko."

"Baba yangu alikuwa mtu wa jenereta ya kisima kule Eldas. Spana nimeshika kabla ya kijiko."

Ukutani, kwenye kivuli chembamba, kulikuwa na mtu wa tatu. Habibo, binti wa marehemu, aliketi kwenye benchi na shungi lake jeusi, mgongo ameupa uwanja. Alikuja kila siku tangu Ijumaa. Kila siku alimuuliza Ubah swali lilelile, bila salamu ndefu: "Jina mmepata?" Jina alilitaka. Mwenyewe alikuwa haamini wala hakatai kwamba ni Abdirahim; alisema tu kwamba baba yake hakufa kwa moyo, alifanyiwa kitu, na aliyemfanyia ana jina.

"Iache ingurume," Abdirahim alisema. "Usivute mafuta. Tungoje."

"Tungoje nini?"

"Ulisema alisimama mara ngapi njiani?"

Ubah alifungua daftari. Ijumaa alikuwa ameipitia njia ile kwa miguu, akifuata alama ya tairi. Palipokuwa pamechimbika mchanga kwa kisigino, mzee alikuwa amesimama akapiga kiki. "Mara nne. Kutoka kambini mpaka kusimama kwa kwanza, kilomita tisa. Kisha mbili. Kisha moja na nusu. Ya mwisho haikufika moja."

Midomo ya Abdirahim ilikuwa ikihesabu.

"Kwa hiyo anawaka, anaenda, anakufa. Anapumzika, anawaka tena. Kabureta chafu haifanyi hivyo, afande. Uchafu haupungui kwa kupumzika. Kama ningemwachia uchafu, Jumapili asingetoka hata Galbet. Jumapili alienda kambini. Jumatatu alienda, Jumanne, Jumatano. Alisimama?"

"Hapana. Hilo nimeuliza watu watatu."

"Basi kuna kitu kilibadilika kati ya Jumatano na Alhamisi."

"Au kuna kitu ulikiacha kikangoja Alhamisi."

"Ningekuwa na akili hiyo," Abdirahim alisema, "ningekuwa tajiri."

Dakika ya tisa mngurumo ulibadilika. Ulipanda kidogo peke yake, kama mtu anayevuta pumzi, ukashuka, ukapanda tena. Fundi alinyanyuka kwenye kreti. Askari mmoja akamrudisha kwa kidole. Dakika ya kumi na moja Awr alikohoa mara mbili, akanyamaza.

Kule benchini Habibo aligeuza kichwa.

Ubah alipiga kiki. Hakuna. Akapiga tena, akapiga ya tano, ya kumi. Jasho lilimtoka chini ya hijabu. Jua lilikuwa bado changa, lakini mchanga wa uani ulishaanza kuchoma.

"Haraka sasa," Abdirahim alisema. "Kabla haijapoa. Toa plagi. Koili za zamani zina tabia hii, zikipata moto zinakata karenti, zikipoa zinarudisha. Mzee mwenyewe alifikiri hivyo, ndiyo maana alikuwa na plagi mkononi."

Ubah alifungua plagi kwa spana, akaishika kwa kitambaa maana iliunguza. Akaifunga kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, akainama na kuweka kivuli kwa mwili wake. Alipopiga kiki, cheche ilitoka. Ya buluu, nene, na sauti yake, tak, tak.

"Moto upo," alisema.

"Jaribu ile yake."

Plagi iliyotoka kwenye kiganja cha marehemu ilikuwa ndani ya bahasha ya ushahidi. Ubah aliandika kwamba anaitoa, akaijaribu. Nayo ikatoa moto wa buluu. Mzee alikuwa amebadilisha plagi nzima kwa plagi nzima, juani, mara nne.

"Inuse," Abdirahim alisema.

Aliinusa. "Kavu. Hainuki petroli."

"Basi petroli haifiki."

"Tangi limejaa." Ubah aligonga ubavu wa tangi, kisha akalitikisa kwa goti. Petroli ilisikika ndani, nzito, ikipiga huku na huku.

"Hivyo ndivyo alivyofanya," Abdirahim alisema polepole. "Alilibana kwa magoti, akaisikia. Mtu akisikia petroli yake, hafungui tangi kutazama."

Ubah alichomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, akaulekeza ndani ya chupa tupu ya maji. Ulitoka uzi mwembamba. Uzi ukawa matone. Matone yakawa moja, moja tena, kisha hakuna.

"Koki ya tangi imeziba," alisema. "Mchanga."

"Mimi pia ningesema koki." Fundi alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, pingu zikining'inia. "Lakini koki ikiziba inaziba, haipumziki ikafunguka. Ile siku mlipoileta hapa, Alhamisi jioni, ulifanya nini cha kwanza?"

"Nilifungua tangi. Nilichukua petroli kidogo, kutazama kama ina maji au sukari."

"Ikawa?"

"Safi."

Walitazamana. Ubah ndiye aliyesema kwanza. "Nilifungua tangi. Ndiyo sababu leo imewaka."

"Usitoe huo mpira kwenye chupa. Fungua kifuniko sasa. Taratibu, walaal. Na uweke sikio."

Ubah aliinama juu ya tangi, akazungusha kifuniko robo. Kitu kilivuta hewa ndani kwa mlio mrefu, kama mtu aliyezibwa mdomo akaachiwa. Na palepale, bila mtu kugusa chochote kingine, petroli ikaanza kumiminika chupani.

Askari wa chai alisema, "Subhanallah," akaweka kikombe chini.

Katikati ya kifuniko cha pikipiki kama hizo kuna tundu dogo, jembamba kama sindano ya cherehani. Petroli ikishuka, hewa inaingia hapo kuchukua nafasi yake. Hewa isipoingia, petroli haishuki, hata tangi likiwa limejaa mpaka mdomoni. Abdirahim alieleza hayo kwa maneno machache, sauti yake ikiwa imeshaanza kuinuka kwa furaha. Alikuwa anaona mlango wa kituo. Jumamosi yeye mwenyewe alipitisha waya wa breki kwenye tundu hilo, alisema, alimwonyesha mzee mwangaza unapita.

"Sasa haupiti," Ubah alisema. Alikuwa amekiinua kifuniko kuelekea jua.

"Vumbi?"

Alikigeuza. Upande wa juu, ndani ya kishimo cha tundu, kulikuwa na kitu kimekaa vizuri, kimesawazishwa, kimekauka kikawa kigumu kama kioo. Rangi yake ilikuwa ya asali. Juu yake palikuwa na mistari ya kidole, kidole kidogo.

"Si vumbi," alisema.

Alibandua kipande kwa ncha ya kisu, akakitia kwenye chupa ya petroli. Walingoja dakika tano. Kipande kilikaa chini vilevile, kona zake kali. Akakitoa, akakitia kwenye kikombe cha chai cha askari, ambaye alilalamika kidogo. Kikaanza kulainika. Baada ya muda kilikuwa utelezi tu chini ya kikombe.

"Habak," Abdirahim alisema. Gundi ya mgunga. Watoto wa wachungaji huitafuna, wanawake huiokota huku wakifuata mifugo, huuzwa kwa magunia. Mjini fundi hana kazi nayo; gereji huziba kwa gundi ya dukani. Furaha ilikuwa imemtoka usoni.

Ubah alikuwa anapekua daftari kurudi nyuma, mpaka kwenye maelezo ya Ijumaa. Alikuwa ameyaandika yeye mwenyewe, kwa haraka, neno kwa neno, kama mtoaji alivyosema. Mistari ya kati aliipita siku ile kwa sababu haikuwa na mtu wa kumshuku ndani yake. *Kibuyu kidogo cha maziwa aabo, baba yangu, alikifunga mbele, juu ya tangi. Wiki hiyo wateja walirudisha maziwa mara mbili, wakasema yananuka petroli. Aabo aliona aibu sana.*

Aliyekuwa akiishi kambini na mzee, akikamua ngamia alfajiri, alikuwa mtu mmoja.

Alifunga daftari. Abdirahim alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anatazama benchi.

"Afande," alisema kwa sauti ya chini. "Andika ni mimi."

"Unasema nini?"

"Andika nilisahau kulizibua hilo tundu. Uzembe. Fundi mzembe, si ndiyo? Si muuaji. Kwa uzembe watanifunga muda gani? Sina mke, sina mtoto. Nitakaa, nitatoka."

"Na hizi alama za kidole?"

"Kilainishe kwenye chai kama kile kingine. Unakunywa, kimeisha." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Mzee alinifundisha kazi kwa pikipiki hii, walaal. Nilikuwa naikorofisha makusudi ili anifundishe tena. Nikimwambia itakuua, nilimaanisha kiuno chake, mikono yake, jua. Yule pale hana mtu mwingine. Mama yake alikufa zamani. Ukimwambia hili, umemzika na yeye."

"Nikiandika uongo, nimemzika nani?"

"Mimi nimekubali."

"Sikukuuliza kama umekubali."

Hawakusikia ndala mchangani. Habibo alikuwa amesimama nyuma ya Awr, kivuli chake kimeangukia tangi. Macho yake yalikuwa kwenye kifuniko kilichokuwa mkononi mwa Ubah.

"Imewaka kisha imezima," alisema. "Nimeona. Mmepata kitu?"

Ubah angeweza kuuliza kwa njia nyingi. Aliuliza kama anavyouliza shahidi yeyote. "Hiki kifuniko unakijua?"

"Ndiyo."

"Hapa kuna habak. Nani aliiweka?"

"Mimi," Habibo alisema.

Hakusita. Alisogea, akaonyesha kwa kidole, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa uso wake ulilegea kidogo. "Alhamisi alfajiri, aabo akiwa kwenye swala. Alikuwa ameshajaza tangi. Hapa petroli ilikuwa inaruka njia ikiwa mbaya, inaangukia kibuyu. Wale wanawake wa sokoni wana maneno. Walimwambia aabo, mzee, umetuletea maziwa au mafuta ya taa? Alirudi hakula. Mimi nikatafuna habak mpaka ikalainika, nikaziba. Kwanza niliijaribu kwenye petroli usiku kucha, isiyeyuke. Haikuyeyuka. Sikumwambia. Nilitaka afike sokoni, mtu asiseme kitu, ashangae mwenyewe."

Abdirahim alikuwa ameweka uso kwenye mikono yake yenye pingu.

"Kwani?" Habibo aliuliza.

Alimgeukia sajini.

"Afande Ubah. Kwani?"

"Kaa chini, Habibo."

"Nimekaa siku nne. Sema."

Ubah alisema. Alisema kwa sentensi fupi, hakuongeza wala kupunguza. Tundu ni la hewa. Hewa isipoingia, petroli haishuki. Pikipiki inazima. Ikikaa, hewa kidogo inapenya kwenye mpira wa kifuniko, inawaka tena, inazima tena. Mzee alifikiri ni plagi. Alipiga kiki mpaka moyo ukachoka.

Habibo alisikiliza mpaka mwisho. Alikichukua kifuniko mkononi mwa Ubah, na Ubah, ambaye hakupaswa kumpa ushahidi mtu yeyote, alimwachia. Alikigeuza kuelekea jua kama alivyofanya sajini. Akakiweka mdomoni, akapuliza kwenye tundu. Mashavu yake yalijaa, hewa haikupita. Akapuliza tena.

"Walaal, basi," Abdirahim alisema. "Habibo. Basi."

"Nyamaza wewe," alimwambia, bila hasira. Kisha kwa Ubah: "Mfungue."

Ubah alimfungua pingu. Abdirahim alisugua vifundo vya mikono, lakini hakuinuka kwenye kreti. Mlango wa kituo ulikuwa wazi mbele yake.

"Hakuna sheria inayokushtaki kwa hili," Ubah alisema. "Hukukusudia. Nitaandika ajali. Faili litafungwa leo."

"Sikukuuliza sheria." Sauti ya Habibo ilikuwa kavu, kila neno limesimama peke yake. "Siku nne nimekuja hapa kutaka jina. Mngepata jina la huyu mngeliandika. Mngepata la mtu wa Nairobi mngeliandika. Andika."

"Habibo—"

"Andika. Habibo Abdinoor. Usiandike ajali. Ajali haina mikono."

Askari wa chai alikuwa ameingia ndani na kufunga mlango nyuma yake. Ubah aliketi chini mchangani, mgongo kwenye gurudumu la mbele, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine, akafungua ukurasa mpya. Aliandika tarehe. Aliandika kwamba kasoro ilikuwa tundu la hewa, si kabureta, si koili, si plagi. Aliandika kwamba fundi hana kosa. Aliandika jinsi gundi ilivyowekwa na sababu ya kuwekwa, na wateja, na aibu ya mzee, yote. Kisha akaandika jina. Habibo alichuchumaa karibu naye na kutazama kalamu. Hakujua kusoma, lakini alingoja mpaka kalamu iliposimama.

"Ni hilo?"

"Ni hilo."

"Na la aabo liko pamoja nalo?"

"Yako pamoja."

Ubah alitoa kidau cha wino mfukoni. Habibo alichovya dole gumba, akaliweka chini ya maandishi, akakandamiza. Aliendelea kukandamiza. Wino ulitoka pembeni ukaingia kwenye karatasi, ukafika kwenye mstari wa juu. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa, kama wa mtu anayeziba kitu.

Ubah alingoja. Mwishowe ilibidi aushike mkono ule yeye mwenyewe, na kuuinua.